Kumi na Mbili, Zisipungue

Mkufunzi wetu Natia ana miaka ishirini na minne,
kucha za rangi ya bilinganya
na subira ya mtu anayelipwa kwa saa.
"Nywila," anasema, "iwe na alama kumi na mbili, zisipungue.
Herufi. Tarakimu. Nukta. Na msiweke jina la mbwa."
Mimi mbwa sina.
Nina miaka thelathini na moja wodini,
magoti yanayotabiri mvua ya Kutaisi kabla ya redio,
na nywila tatu nilizozisahau tangu Jumatatu.

Tuko kumi na mmoja katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka;
bado kinanukia sabuni.
Lamara ameshika kipanya kama ashikaye kifaranga,
asikiumize, asikiache kitoroke.
Eteri anaandika kila hatua daftarini, kwa kalamu nyekundu:
bonyeza hapa, ngoja, bonyeza tena, usiogope.
Hilo la mwisho Natia hakulisema.

Mimi zamani niliandika joto la wagonjwa nyuma ya kiganja,
vitanda sita mkono wa kushoto,
nikanawa baada ya kunakili,
na siku nyingine nikanawa kabla.
Nasimulia, tunacheka wote.
Kompyuta haicheki; inauliza kama nataka kuhifadhi.

Leo ni zoezi la dawa.
Mgonjwa wa Mfano Namba Saba: mwanamume, mapafu, homa ya siku nne.
Hana uso. Pale pa uso pana kivuli cha kijivu chenye mabega.
Namulika ukanda wa mkononi mwake, kitochi kinalia pii,
nachagua penisilini, mkono umezoea,
na skrini nzima inakuwa nyekundu.

SIMAMA. MGONJWA ANA MZIO WA DAWA HII.

Hivyo tu. Sekunde moja, labda chini yake.
Lamara ananong'ona, "Umeharibu nini?"

Majira ya baridi ya tisini na tatu
umeme ulikuja kama mgeni aliyeacha teksi inamngoja.
Matone ya dripu tuliyahesabu kwa mshumaa.
Jumberi, fundi wa kiwanda cha malori, kitanda cha dirishani,
alinionyesha picha ya binti yake nikivuta dawa kwenye sindano.
Kadi yake ilikuwapo. Ilikuwa imelowa theluji,
wino umetambaa,
na pale palipokuwa na neno lile
palibaki doa la buluu, zuri, kama ua.
Nilimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Au sikumuuliza.
Miaka yote hii nalala na sentensi hizo mbili,
moja kila upande wa mto.

Natia anakuja, visigino vinagonga sakafu.
"Bi Tsiala, ni zoezi tu! Bonyeza ghairi,
hakuna kilichotokea."

Hakuna kilichotokea.
Naitazama hiyo nyekundu.
Sijapata kuona nyekundu yenye adabu namna hii:
imesimama mlangoni, imenyoosha mkono, hainitukani.
Siipendi mashine hii. Hunifanya mjinga kabla sijanywa chai.
Lakini ingalikuwako usiku ule,
na umeme wa kuiwasha ungalikuwako,
basi.
Nabonyeza ghairi.

"Nipe mwingine," namwambia Natia.
Namba nane. Namba tisa. Namba kumi na nne,
mpaka mlinzi anatikisa funguo ukumbini.
Mstari wa mzio nausoma kwa sauti kila mara,
hata pale palipoandikwa hakuna.

Kabla ya kutoka, mtambo unanidai nywila mpya;
ya asubuhi imeshanitoka, sasa ni ya nne.
Eteri anafungua daftari: "Itaje, nikutunzie."
Nakataa.
Nachapa kwa kidole kimoja, polepole,
herufi saba, mwaka, na nukta.
Zimetimia kumi na mbili.

Natia, akivaa koti, anauliza
kama hii nitaikumbuka.